Wa Kwanza Kushuka

Alhamisi, 18 Aprili 2024

Evodius wangu kapiga simu. Mvua imekata barabara, lakini posa haiahirishwi — wanakuja kwa ndege! Kindege cha watu wanne, cha rafiki yake Abdulkarim, na rubani ndiye huyo huyo. Baba kauliza kama posa ikija kwa ndege mahari nayo inapaa. Mama kamwambia anyamaze.

Shangazi Scolastica ameshaitangazia jumuiya nzima: kila mama aje na kanga. Mgeni wa heshima hakanyagi tope, si Lumemo hii.

Jumamosi, 20 Aprili

Tope bado liko miguuni. Naandika hivyo hivyo.

Tulikubaliana kanga zitandikwe ndege ikishasimama. Ikishasimama! Lakini ndege inakuja, vigelegele vimepamba moto, nani anakumbuka? Akina mama wakaingia kiwanja cha ndege, shangazi mbele, wakatandika kanga kama zulia la arusi, wakatoka mbio. Ndege ikatua vizuri kabisa. Ikafika kwenye kanga. Gurudumu la kushoto likazoa moja, likazoa ya pili, ya tatu — ndege ikaanza kuzunguka kama kuku aliyefungwa mguu! Abdulkarim tunamwona kiooni anapigana na usukani. Ikaruka mtaro, ikaingia kwenye mpunga wa watu, ikalala upande.

Nilijua nimekuwa mjane kabla ya kuposwa.

Mlango ukafunguka, Evodius akatoka. Hapana, hakutoka — alifyatuka! Suti, tai, kiatu kimoja. Akatupita sote. Akanipita MIMI, macho mbele, mpaka kwenye kibanda cha chipsi kule barabarani.

Ndani kabaki baba yake mdogo, Mzee Hermenegildi, ambaye ndiye mshenga. Ananing'inia kwenye mkanda, anaita: Evo! Evo mwanangu, nifungue! Kafunguliwa na shangazi. Ana nundu kipajini tu, Mungu mkubwa. Abdulkarim naye mzima, kakaa kwenye tuta. Anasema maishani ameshakutana na ngurumo na tai huko juu, ila kanga ni mara ya kwanza.

Jumapili, 21 Aprili

Kanisani nimepewa pole na watu waliojiziba midomo. Shangazi kasema mbio za sakafuni huishia ukingoni — za huyu zimeishia kwenye chipsi.

Evodius katuma meseji kutoka gesti: "Ule ulikuwa mwili tu, Dati. Moyo ulibaki na baba mdogo." Nimecheka peke yangu. Nampenda, hapo ndipo penye ubaya. Lakini nyumba ikishika moto je? Nitaokolewa na huo moyo?

Jumatatu, 22 Aprili

Niko chumbani, sijaitwa bado. Wazee wako sebuleni, nasikia kila neno. Yaani vituko! Muoaji kwa desturi hasemi. Kawekewa kiti uani. Anayemsemea ni Mzee Hermenegildi yule yule, bandeji kichwani. Kaja kumsifia!

Baba kamuuliza: siku ya shida, kijana wenu atasimama na binti yangu? Mzee kakohoa. Kaomba maji. Kasema kijana ni mchapakazi, hanywi pombe, na afya anayo, hasa ya miguu. Shangazi kacheka mpaka katoka nje. Baba kasema hakuuliza miguu. Mzee naye: mimi nimetumwa kuposa, sikutumwa kuapa.

Wameamua niitwe nijibu mwenyewe. Sawa. Nitasema hapana. Imeniuma usiku kucha, lakini nitasema. Nataka mtu anayesimama. Mtu mzima hakimbii akaacha wenzake, hata mwili uwe umeamua nini. Nimejifuta machozi, nimejifunga —

Pwaaa! Trekta lililokuja kuvuta ndege, hapo hapo nje ya ukuta. Lilikohoa moshi tu, basi.

Shangazi anapiga kelele uani: Evodius keshafika kwa jirani!

Na mimi niko chini ya kitanda. Daftari ninalo, kalamu ninayo. Mama yangu mzazi yuko sebuleni na sikumkumbuka hata kidogo. Nimeingiaje huku, sijui.

Wanagonga mlango. Dativa, wazee wanangoja jibu.