Kofia Iliyopungua Kidole Kimoja

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Mwanamisi, Msambweni.

Shikamoo mama. Nakuamkia kwa mikono miwili. Na wewe Mjomba Hamadi unayemsomea, shikamoo. Soma polepole, na ukifika mahali pabaya usijifanye kukohoa ukaruka. Vipi goti lako mama? Bado linakusumbua ukiinuka kwenye mswala? Na macho, yangali yanaliona tundu la sindano? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Baridi ya huku chini ya Mlima Kenya inauma kama mbwa asiyemjua mwenyewe, lakini tumezoeana. Nimenenepa kwa viazi. Kama viazi vingekuwa elimu, mwanao aliyeishia darasa la tano sasa angekuwa waziri.

Mama, barua yangu iliyopita ilijaa tarumbeta. Nilikwambia kwamba Bwana Tomu, Mzungu mkuu wetu, anarudi kwao, kwa kuwa nchi sasa ni yetu, na kwamba kazi yake ya kuwafundisha vijana mtoni nimepewa mimi, na viatu, na filimbi. Najua Mjomba alikwenda kulitangaza hilo barazani, maana namjua Mjomba. Namwomba ayarudishe maneno yale. Kazi haikuwa yangu. Ilikuwa ya Kioko, mwenzangu wa kambi, na aliyemkosesha ni mimi.

Nianze mwanzo, maana wewe hujawahi kuuona mto wa huku. Kwetu maji yana adabu, yanakuja na kuondoka kwa saa zake. Huku mto Tana haujapata utulivu bado, unaporomoka baina ya majabali, mweupe kama tui la kwanza, na unanguruma mpaka watu wanazungumza kwa mikono. Na humo, watu wenye akili zao timamu wanaingia kwa mtumbwi mwembamba wa turubai, mtu mmoja peke yake, miguu imefichwa ndani, na kafi moja yenye bapa huku na huku. Wanauita kayaki. Bwana Tomu aliniajiri kwa sababu nilimwambia nimezaliwa ndani ya maji. Wewe unaijua kweli: nilikuwa nikiuza madafu Diani, na bahari nikiitazama nikiwa nimevaa viatu.

Sheria ya kwanza ya shule yetu ni kwamba bila kofia ngumu, helmeti, mtu haingii mtoni. Ukipinduka, mawe ya chini hayakuulizi wewe ni nani. Bwana Tomu alikuwa nazo kumi na mbili kutoka Ulaya, na zote kumi na mbili zilinikataa. Kubwa kuliko zote ilinikaa utosini kama kikombe cha kahawa juu ya nazi.

Kioko alicheka mpaka akakaa chini. Huyu ni Mkamba wa Mackinnon Road, tulilala chumba kimoja, mama yake anawapikia chakula madereva wa malori pale stesheni. Akasema, "Mswahili, hicho si kichwa, ni mzigo. Kingepita stesheni kwetu kingekatiwa tikiti yake."

Nikamjibu, "Ndugu yangu, akili nyingi inataka nyumba kubwa. Yako imepanga chumba kimoja."

Basi tukaanza kuitafuta kofia ya kunitosha. Bwana Tomu aliulizia Nairobi, hakuna. Nilijaribu kofia ya mpanda pikipiki, haikupita masikio. Nilijaribu ya wachimba mawe, hiyo ilinitosha, lakini nilipozama nayo ilijaa maji kama ndoo ikanikamata shingo, nikatoka nikiongea Kidigo. Miezi ikapita, Kioko yuko mtoni anajifunza, mimi niko ukingoni nabeba mitumbwi ya wenzangu begani na kuwahadithia jinsi ambavyo ningefanya mimi.

Mwisho Bwana Tomu akasema ataandika kwa wazitengenezao huko kwao, watengeneze moja ya kichwa changu, mimi nilete kipimo tu. Akanipa utepe wenye namba. Nikaukataa mama! Nikamwambia, "Bwana, mtoto wa mshona kofia unampa utepe? Kwetu tunapima kwa uzi."

Nikauzungusha uzi kichwani, juu ya masikio, kama ufanyavyo wewe. Nikaukata. Kisha nikaupunguza upana wa kidole, kama ufanyavyo wewe. Kwa kofia ya nguo hiyo ni hekima, maana nguo hulegea, na kofia isiyobana siku ya kwanza, mwezi wa pili humwangukia mtu machoni. Lakini helmeti hailegei. Ni ngumu kama kifuu. Mkono ulifanya ulichozoea kukiona tangu utoto, nami sikuuliza mkono unafanya nini. Wewe huna kosa hata chembe. Kioko alikuwa pale, akaona, akauliza, "Mbona umeukata tena?"

Nikamwambia, "Haya ni mambo ya pwani, mwana wa bara. Tulia ujifunze."

Uzi ukaenda Ulaya ndani ya bahasha. Masika yote nikangoja. Helmeti ilipofika, nyekundu, inang'aa, watu wote wa kambi walisimama kutazama. Niliivaa. Ikashuka mpaka juu ya masikio, ikakwama. Ilipungua kidole kile kile.

Bwana Tomu akauliza, "Inatosha?"

Ningesema hapana, ingeandikwa barua nyingine, ningengoja masika mengine, wangenicheka siku tatu, basi. Lakini nilikuwa nimekwisha kutamba mbele yao kuhusu uzi. Nikasema, "Kama nimezaliwa nayo, Bwana."

Nikaenda nayo chumbani. Ndani kulikuwa na sifongo nene imegandishwa pande zote. Nikachukua wembe, nikaikata yote, nikaificha ndani ya godoro. Helmeti ikaingia. Kwa nje huwezi kujua kitu. Ukanda wa kidevuni haukufika, nikauongeza kwa kamba ya kiatu. Na nilivyotoka hapo mama, nilitembea kama bwana harusi.

Niliingia mtoni mara tano, salama. Hata nilijifunza vizuri, hilo si majivuno, mwulize yeyote. Mara ya sita nilipinduka chini ya jabali wanaloliita Kinu. Jiwe lilinipiga mara moja tu. Kamba ya kiatu ilikatika, helmeti ikaenda zake, na mimi nikawa sijui juu wala chini.

Kioko alikuwa ukingoni na kamba ya kuokolea. Sheria ni kwamba mwenye kamba haingii majini, anaitupa tu. Aliitupa. Wanasema ilinipita kifuani kabisa, sikuishika, kwa sababu nilikuwa nimezimia macho wazi. Akaitupa tena, sikuishika. Basi akaruka. Alinikamata shati, akanisukuma mpaka kwenye mchanga, kisha maji yakamgeuza yeye yakambamiza kwenye jabali. Kiwiko cha mkono wa kulia kilivunjika vipande. Daktari ameuunga, lakini haukunjiki. Mkono usiokunjika haushiki kafi.

Mimi niliamka na uvimbe. Uvimbe mama, basi. Siku ya tatu nilikwenda hospitali kumwona. Alikuwa amelala, mkono umefungwa plasta mpaka begani. Unajua aliniambia nini?

"Salimu, nisamehe. Kamba yangu ya kwanza ilichelewa. Ningeitupa mapema ungeishika."

Nami nilimwambia, "Usijali ndugu yangu. Nimekusamehe."

Mjomba, soma hapo tena.

Mama yake alikuja na treni. Mwanamke mfupi, anacheka kama Kioko. Kioko alikuwa amemwambia kwamba kamba ilichelewa, na kwamba mimi sikumlaumu. Akanishika mikono yote miwili mbele ya wauguzi, akaniambia, "Wewe una moyo, mwanangu. Mtu mwingine angemsema." Akanipa chupa ya asali aliyokuwa amembebea mwanawe. Iko hapa chini ya kitanda. Sijaifungua, na sijaweza kuitupa.

Hapo ndipo Bwana Tomu aliponiita, akasema, "Ningempa Kioko. Sasa sina mtu ila wewe." Nikaichukua filimbi. Nikakaa nikakuandikia ile barua ya tarumbeta. Nimeipiga filimbi hiyo wiki nne, na kila nikiipiga vijana wanatazama kwanza ukingoni, mahali alipokuwa akisimama Kioko.

Ijumaa iliyopita nilisali katika msikiti wao mdogo wa sokoni, kisha nikaitoa sifongo kwenye godoro, nikaenda nayo hospitali. Niliiweka juu ya shuka. Nikamweleza Kioko yote, uzi, wembe, kamba ya kiatu. Aliigeuzageuza kwa mkono wa kushoto.

Akauliza, "Ulipokuja siku ile, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukanisamehe."

"Nilikusamehe."

Nilitaraji atanitukana. Ningependa anitukane, mimi matusi nayajua, ningejua pa kuyaweka. Alinirudishia ile sifongo, akageukia ukutani, akasema, "Nenda kamwambie Bwana Tomu. Halafu usije huku."

Nilikwenda. Bwana Tomu alinisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono, nikampa filimbi. Hakunifukuza. Ameandika kwa wakubwa wa shule Nairobi kuomba Kioko arudishwe kufundisha kwa mdomo, akiwa amesimama ukingoni, mwingine akiingia majini. Hajajibiwa. Huenda wakakubali, huenda wakasema mkufunzi asiyeweza kushika kafi si mkufunzi. Mimi nimerudi kubeba mitumbwi, na ninaibeba vizuri.

Sasa ombi langu. Kioko amenikataza kwake, lakini mama yake bado anaamini ni mwanawe aliyechelewa. Mimi nikienda peke yangu ni kama mtoto aliyevunja mtungi wa jirani akajipeleka mwenyewe. Kwetu jambo kama hili hupelekwa na wakubwa wa mtu. Nakuomba uende na Mjomba. Vuka Likoni, panda treni, shuka Mackinnon Road. Uliza Mama Kioko anayewapikia madereva. Usibebe zawadi, asije akadhani tunanunua kitu. Mwambie kwamba kamba ya mwanawe haikuchelewa. Anza na hilo kabla hujakaa. Kisha mweleze nilichofanya, na usinipunguzie, najua utataka kunipunguzia. Na usimwambie ni kudra ya Mungu. Hilo ni lake yeye kulisema akipenda, si letu.

Nisalimie dada Mwanakombo na mumewe, wa Galu. Nisalimie shangazi Mwanaidi mpika mabumunda, na mwalimu wangu wa chuo cha Kurani aliyechoka kunichapa. Jirani yetu fundi makuti mwambie nampa pole kwa msiba.

Mama, mwanamke yule akikufukuza, ondoka kwa heshima. Akikulilia, lia naye. Lakini akinyamaza tu, asikupe maji, asikutazame, akaendelea kupakua chakula cha madereva wake, tafadhali usiinuke. Kaa pale pale na goti lako bovu mpaka amalize kazi. Mimi ndiye niliyestahili kukaa hapo, na sina uso.

Ni mimi mwanao,
Salimu, mbeba mitumbwi.