Fimbo Ibaki Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi
Nashona sare za shule tangu asubuhi. Mguu wa kulia haukanyagi pedali ya cherehani. Nasukuma goti kwa mkono. Daktari wa hospitali alisema ganda la mishipa yangu ya fahamu linaliwa, kama waya uliochunika. Dawa ya kupunguza makali ipo. Ya kurudisha ganda bado wanaitafiti. Yule wa Kabeza anayejiita daktari akasema yeye anayo: seli shina, za kuotesha ganda upya, sindano ya mgongoni. Nikauza kiwanja cha Kinyinya. Nikachomwa. Hakuna kitu. Namchukia.

Jumatano, 5 Machi
Kanipigia simu, hana haya! Jumapili ana mkutano wa kutafuta wagonjwa wapya, anataka ushuhuda wangu. Nikamwambia sijapona. "Shuhudia kwa imani, mama, uponyaji utafuata." Ndivyo tusemavyo kanisani kwetu, ndiyo maana tunanasa. Nikakubali, sauti tamu kama asali. Nikishika maikrofoni nitamvua nguo mbele ya watu.

Ijumaa, 7 Machi
Mdogo wangu Clémentine anasema nimwachie Mungu. Mungu ana kazi nyingi. Nimejishonea gauni jekundu. Napiga pasi huku nikijifunza maneno yangu. Nina furaha mbaya.

Jumapili, 9 Machi
Ukumbi ulijaa. Mlangoni yule mtu akaninyang'anya fimbo yangu ya kutembelea. Eti ibaki pale, watu wasiione. Nikamwachia, kiburi tu. Nimefika jukwaani, mguu ukakunjika. Puu! Maneno yote yakapotea. Yeye anachekacheka: "Simama, mama, kwa imani!"
Nikamjibu nikiwa sakafuni: "Si umeniponya? Nisimamishe."
Hakunigusa. Mbele kulikuwa na mzee na binti yake kwenye kiti cha magurudumu. Mzee akakigeuza kiti, wakatoka. Wengine wakafuata. Clémentine akaja kuniinua, nikamkatalia. Nilitaka kwanza watoke wote. Ee, ilikuwa tamu!

Jumanne, 11 Machi
Mvua hapa Gisozi. Yule mtu kafunga ofisi, kahama. Safi.
Mchana wamekuja dukani, mzee na binti yake. Wameniulizia mpaka wakanipata. Nilidhani wanakuja kunishukuru. Binti ana ugonjwa kama wangu. Akauliza, kama yule ni mwongo, mwenye hizo seli za kweli yuko wapi.
Nikasema bado wanatafiti.
 Mzee akatazama nje.
Nikachukua futi, nikampima gauni akiwa amekaa.