Baba Yako Mdogo Amekaa Kibandani Kwangu

Hapana Mama Faith, sijafunga kibanda, na hakuna mwanamke. Hayo mawili uliniuliza kwa simu nikakujibu "sawa sawa tu", nikajua hujaridhika. Jibu ndio hii. Naandika kwa sababu simu yako bila kuweka sauti ya nje haisikiki, na nikiongea boma nzima inanisikia, mpaka ng'ombe. Barua anakuletea Timo wa jirani, anakuja na basi. Usimpe mtu akusomee. Najua mwandiko yangu ni kama kuku imekanyaga wino, lakini jikaze.

Mko aje lakini? Faith alipona kikohozi? Na mgongo ya mama? Mimi mwili iko, ugonjwa hakuna. Nimechoka tu. Nimechoka mpaka kiatu yangu ya kushoto imeanza kupiga miayo kabla yangu.

Unauliza mbona biashara haikui. Hata mimi nilijiuliza, kwa sababu kila kitu iko. Mahali ni pazuri, hapa Spring Valley kando ya mjengo ya ghorofa, watu wakitoka geti na njaa yao wananiona mimi kwanza. Maji napewa na askari wa geti. Turubai ni mpya, hakuna jua hakuna mvua. Jiko nimeongeza ya pili. Na bado maharagwe, hiyo madondo yangu, inabaki kwa sufuria.

Shida ni baba yako mdogo.

Usikasirike bado, maliza kusoma. Ni mtu mzuri kunishinda mimi. Alipokuja kuonwa macho kwa ile hospitali kubwa nilimpokea vile mkwe anapokelewa. Nikamwachia chumba yangu ya Kangemi, kwa sababu ndugu ya baba yako kwangu ni baba mkwe, na unajua siwezi kulala nyumba moja na yeye. Mimi nikaenda River Road kwa Wanjala, yule rafiki yangu analinda lodging. Nalala kwa benchi ya wageni. Asubuhi natoka na mguu, mbao imenichora mgongo, nafika Spring Valley nimechoka na unga haijaonja maji.

Hiyo ningevumilia. Lakini daktari alimaliza na yeye, akampa dawa, akamwambia arudi nyumbani. Baba akapitia kwa kibanda kuniaga. Akaangalia vile nasukuma chapati, napakua, naosha sahani, akavua kofia akasema, "Mwanangu, siwezi kukuacha na hii kazi yote peke yako. Msichana wetu atasema nini?" Akakaa kwa ile kiti ya mbele. Mpaka leo ako hapo.

Sasa Mama Faith, unanijua. Watu hapa hawakuwa wanakuja kwa chapati, chapati iko kila mahali. Walikuja tuchomane kwa utani. Mtu amebeba simiti tangu asubuhi anataka kucheka kabla arudi kubeba ingine, na mimi nilikuwa nawachoma wote, wananichoma pia. Lakini nitapiga utani aje mbele ya baba mkwe? Hata kula mbele yake siwezi. Chapati yangu mwenyewe naila nyuma ya mchanga kama mwizi.

Juzi Otieno, fundi wa mawe, aliinua chapati juu akaniita kwa kelele jina wamenipa hapa, "Wewe Chapo! Hii yako leo ni nyembamba hivi naweza soma gazeti nikipitishia macho hapa!"

Watu wote wakaacha kutafuna, wananingojea. Jibu nilikuwa nayo, ilikuwa imefika kwa meno. Baba akanigeukia na uso yake ya kanisa. Nikasema, "Pole ndugu yangu. Kesho nitaongeza unga."

Mmoja akauliza polepole, "Nani amekufa?"

"Hakuna," Otieno akasema. "Ni Chapo ni mgonjwa."

Halafu kuna maombi. Baba hakubali mtu aguse sahani kabla aiombee. Watu wa mjengo saa yao ya kula ni fupi, na maombi ya baba inaanzia kwa Adamu. Akifika kwa Nuhu madondo imepoa, na wengine wamevuka barabara kwa Mama Njeri wa chipsi.

Hata hiyo ningenyamaza. Lakini foromani, Bwana Salim wa Mombasa, alinivuta kando. Anaanza mjengo ingine kubwa huko Upper Hill, na anataka mtu mmoja wa kupikia wafanyakazi wote. Ile kitu tumengojea tangu Faith azaliwe.

"Nilikuwa nimeshakutia wewe akilini, ndugu yangu," akaniambia. "Lakini mbona hapa pamepooza? Watu wangu walikuwa wakirudi kazini wanacheka. Sasa warudi kama wametoka mazishini."

"Ni baba mkwe wangu, bwana."

"Alaa!" Akamwangalia baba, akashusha sauti. "Basi pole. Lakini mwezi ukiisha lazima nichague mtu. Sina budi."

Nimejaribu. Kumfukuza kwa mdomo yangu haiwezekani, hiyo aibu itafika kwenu kabla yake. Nikamwambia baridi ya Nairobi ni mbaya. Akanunua sweta. Nikamwambia wezi ni wengi huku. Akasema ndio maana hawezi kuniacha.

Kuchoka ya kazi naijua, unalala inaisha. Hii ya kufunga mdomo mchana yote haiishi, na sio makosa ya benchi ya Wanjala.

Salimia mama. Salimia ndugu yangu Nyongesa, anayelima shamba yetu polepole kama anaogopa kuiamsha. Na Faith, mwambie baba yake bado anaimba vibaya.

Sasa tupatane hivi. Wewe ni msichana wao, ukimwita hawezi kuona vibaya. Mpigie, mwambie anahitajika nyumbani, na sio uongo, ile ukuta ya jikoni yako nani mwingine ataikandika? Na mimi, Salim akinipa Upper Hill, siandiki mtu mwingine. Nakutumia nauli unakuja na Faith, unashika jiko ya hapa, mimi nashika ya huko. Siku baba anarudi kuonwa macho atakaa kibandani kwako, aombe vile anataka, kwa sababu wewe unaweza kumwambia, "Baba, sema amina, chakula inapoa." Mimi siwezi.

Ukikubali usinipigie, boma itasikia. Nikiona tu baba anafunga mkoba yake, nitajua tumepatana. Halafu Otieno akae tayari, jibu yake bado nimemwekea.

Mume wako aliyenyamaza,
Baba Faith