Kinywa Chako cha Jasi

Kwa Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Na shikamoo nyingine ni ya jana, maana nilikuwaza kutwa nzima nikasahau kukupigia. Natumai barua hii inakukuta umekaa mlangoni, goti limetulia, na kitindamimba wetu ndiye anayekusomea. Mwambie asome yote asiruke, namjua huyo. Mimi huku ni mzima, ila siku hizi natembea kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujaisha. Sababu yake utaisikia.

Uliniuliza kama bado natengeneza meno ya bandia. Bado, Mama. Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu juu ya duka la vioo. Mchana jua linagonga ukuta mweupe wa jirani, mwanga unarudi kwetu umepoa, vumbi linaelea, na mimi nachonga nta hadi nasahau niko nchi gani. Rafu zimejaa vinywa vya watu vya jasi, ule unga mweupe unaokorogwa na maji ukaganda. Wenyewe siwajui. Najua tu kwamba huyu husaga meno usingizini na yule hutafunia upande mmoja. Mwajiri wangu, tunayemwita Mzee Taya, husema hao ndio watu pekee wasiomjibu.

Chako nacho kipo humo, cha tatu kutoka dirishani. Unakumbuka nilivyokuchukua kipimo wiki ile ya kusafiri, ukacheka tukarudia mara tatu? Nilikifunga ndani ya sweta. Ofisa wa uwanja wa ndege alikifungua akauliza ni nini, nikamjibu ni mama yangu. Akanitazama, akanipisha. Nilikuahidi meno ndani ya mwaka mmoja, na sasa ni sita. Kinyozi hajinyoi: wateja wangu wanavunja mifupa, mama yangu anamumunya.

Sasa habari yenyewe. Miaka yote Mzee Taya alikuwa anasaini fomu, kibali changu cha kazi kinaongezwa, basi. Mwaka huu watu wa uhamiaji wamebadili kanuni. Kabla mwajiri hajamwombea kibali fundi wa kigeni, lazima aitangaze kazi hiyo siku ishirini na nane, wenyeji wenye ujuzi waombe. Akipatikana hata mmoja anayefaa, mgeni haongezewi. Na mwajiri akificha mwombaji, haruhusiwi tena kuajiri mgeni yeyote. Wageni pale tuko wawili, mimi na mwenzangu wa kutia meno rangi, baba wa watoto wanne.

Mwandiko wa Mzee Taya ni kuku kaparua, kwa hiyo tangazo niliandika mimi. Ndiyo, cheka: niliitangaza kazi yangu kwa mkono wangu. Aliniambia nimweleze mtu ambaye hawezi kuwa mwingine ila mimi. Nikaandika awe na uzoefu wa miaka sita, ajue nta na chuma, awe mwenye mashoto, apende kimya. Alicheka hadi akakohoa, akafuta mashoto na kimya, akasema hata huko uhamiaji wenye mashoto wapo. Nikalibandika mlangoni. Kila asubuhi nilikuwa najisoma kabla ya kuingia, na siku zilivyokwenda yule anayetakiwa akawa kama mtu mwingine kabisa, mtu ambaye ningependa kukutana naye.

Mzee Taya alisema maombi yakija niyapokee mimi, yeye hataki presha. Wiki tatu hakuja mtu. Siku ya ishirini na tano, mzee ametoka, akaingia mwanamke wa makamo na bahasha, na kazi yake ameifunga kwenye leso. Akaifungua mezani kwangu. Mama, nilitafuta kasoro nikakosa. Ufizi aliouchonga ungedhani una damu ndani. Akaniuliza kama fundi wa sasa anaondoka. Nikamwambia mwenyewe bado hajui.

Hapa kitindamimba asipunguze sauti. Bahasha ile niliificha. Niliitia kwenye droo, chini ya rafu yenye kinywa chako, nikakaa nayo siku tatu, na kila asubuhi nikimsalimia yule baba wa watoto wanne kama kawaida. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Siku hizo tatu ndizo nilizotengeneza meno yako, hatimaye, kama mtu anayetoa kafara.

Siku ya mwisho yalikaa kwenye jasi barabara. Nikafurahi, nikasikiliza tena sauti uliyonitumia kwenye simu, ile ya kuniombea kibali kitoke salama. Ukasema “shalama”. Zamani hukuwa unasema hivyo. Ufizi usio na meno hunywea mwaka hadi mwaka, Mama. Ndiyo kazi yangu, wateja nawaambia kila siku. Kinywa nilichokuwa nakifuta vumbi miaka sita si chako tena. Ni cha mama niliyemwacha. Meno haya hayatakukaa.

Mzee Taya akaingia na fomu, kalamu mkononi, akauliza kama amekuja mtu yeyote. Ulimi ulikuwa tayari kusema hapana. Mkono wa kushoto ukafungua droo. Akasoma, akavua miwani, akaniita mpumbavu, kisha akaniuliza kama yule mama ameacha namba ya simu.

Usinisifu. Ningesema siku ileile aliyokuja, ningestahili sifa. Kibali changu kinaisha mwisho wa mwezi ujao, na hakiongezwi. Naogopa, sijui nitafanya kazi wapi huko. Wiki hizi namwonyesha yule mama kila kitu kilipo, naye haongei sana. Yeye pia anapenda kimya.

Nisalimie wote wa nyumbani, na jirani mwenye maswali mengi mwambie majibu yanakuja kwa miguu yake. Meno nitakuja nayo, uyaone tu. Usiyajaribu mbele za watu, yatakucheza. Nitakuketisha penye mwanga, nitakuomba ufungue kinywa, na safari hii usicheke, tuanze upya.

Ni mimi mwanao,
Mashoto