Maharage Sitini Kwenye Kamati

4 Februari

Msomi wangu,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu zako. Sisi wazima, ila goti la baba yako limeanza kutabiri mvua.

Juzi nilikwenda zahanati na ile orodha ya ofisi yenu, inayopanga vituo vyote vya afya kuanzia bora hadi mbovu. Sikuwa mgonjwa. Nilitaka waone jina lako pale chini, "imetayarishwa na". Nikawasomea waliokaa kwenye benchi, kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Mstari wa mwisho kabisa nikaikuta zahanati yetu. Vichanga watatu wamefariki katika uzazi sitini. Mkunga alikuwa mlangoni na beseni lake, akasikia yote. Akageuka, akaingia ndani.

Sasa kamati ya zahanati inakaa tarehe ishirini, na mwenyekiti anataka mkunga aondolewe. Huyu ndiye aliyekupokea ukiwa umetanguliza miguu, akakupulizia mpaka ukalia. Niambie kweli: amekuwa mbovu? Kama ndivyo, nitanyamaza. Kama sivyo, ni mdomo wangu na jina lako vilivyomfikisha hapo.

Mama yako

10 Februari

Mama, shikamoo. Mpe baba shikamoo yake, na goti lake. Mimi mzima na nakula, usiulize.

Nimekosa pa kuweka uso. Kilicho kibovu ni orodha yetu. Kwa wastani wa vituo vyote, katika uzazi mia wanafariki wawili. Kwa sitini ungetegemea mmoja hivi. Lakini sitini ni wachache: mwaka jana watatu, mwaka mwingine hakuna, na mikono ni ile ile. Mwaka juzi zahanati yetu ilikuwa ya kwanza, nimeangalia. Hospitali yenye uzazi elfu sita haiyumbi hivyo.

Nilitaka tutoe mchoro, mkuu wangu akasema watu wanapenda orodha. Nikakubali, nikaweka jina. Hilo kosa ni langu.

Mchoro nimeuambatisha. Kila kituo ni nukta. Mistari miwili inaonyesha bahati peke yake inaweza kuyumbisha kiasi gani: imeachana sana upande wa vituo vidogo, halafu inakaribiana kwenye vikubwa, kama faneli. Nukta iliyo nje ya mistari ndiyo ya kwenda kuulizwa. Sisi tumo ndani. Haimaanishi hakuna kosa. Inamaanisha hesabu hii haiwezi kumshtaki mtu. Kamati nayo nimeiandikia. Mkuu wangu amesaini, baada ya kununa siku mbili.

Mwanao

22 Februari

Msomi wangu,

Afya yetu njema, na mvua imenyesha kweli.

Nisikudanganye, sikukuamini. Nilihesabu maharage meupe mia tisa na themanini kwenye sufuria kubwa, nikatia mekundu ishirini, wale wawili wa kila mia, nikakoroga. Baba yako akauliza wageni ni wangapi. Nikafumba macho nikachota sitini: hakuna jekundu. Nikarudisha, nikachota: moja. Tena: matatu. Nikachota mia tano: kumi. Tena: tisa. Tena: kumi na moja. Mwanangu, nilikaa sakafuni nikachota tena na tena. Miaka arobaini napika maharage, sikujua. Nilijiona kama nimechungulia kazi ambayo Mungu huifanya akiwa peke yake.

Nikabeba sufuria mpaka kwenye kamati. Mwenyekiti akasema, "Mama, hapa si jikoni."

"Chota sitini kwanza, halafu unifukuze."

Akachota huku anacheka. Yakatoka matatu. Nikamuuliza, "Mwenyekiti, na wewe tukuondoe?" Walicheka wote isipokuwa yeye na mkunga.

Barua yako ikasomwa. Nilitaja mara tatu kwamba ni mwanangu, ya nne wakaniomba nikae. Mkunga anabaki.

Nilimfuata nje kumwomba radhi. Akasema, "Dada, yamekwisha. Lakini yule kichanga wa pili, barabara ilijaa maji, gari la wagonjwa likachelewa kwa saa nne. Hiyo siyo bahati, na mwakani nitazalisha na barabara ile ile usipomwambia mwanao." Nikamwahidi nitasema, ndiyo nasema.

Anaomba umfundishe kuchora nukta zake mwenyewe, kila mwezi, asisubiri orodha ya mtu. Daftari ameshatenga, na mstari wa kwanza ameuchora umepinda. Ukija likizo, lala kwake siku mbili kabla ya kufika kwangu. Sitakasirika sana.

Mama yako