Ulisema Nusu Kijiko

Tarehe 2 Februari

Mjukuu wangu,

Salamu sikupi nyingi, maana hata zile za mwezi uliopita hujazijibu. Mimi mzima. Goti linauma, lakini liliuma hata ulipokuwepo, kwa hiyo hiyo si habari. Wewe je? Unakula? Au huko kwenye shule ya ndege wanawalisha hewa?

Wiki sita sijaona barua. Mshonaji jirani ananiambia nikubali simu. Simu siitaki. Ukiikata, mtu ameondoka na sauti yake. Barua naisoma tena nikitaka, pole pole, herufi kwa herufi, kama nilivyofundishwa darasa la pili kabla hawajanitoa.

Chumba chako nimekifagia. Si kwa ajili yako. Vumbi halingoji mtu.

Andika.

Bibi yako


Tarehe 20 Februari

Shikamoo Bibi,

Pole na goti. Mimi sijambo, nakula. Kilichonizuia kuandika ni aibu. Nimefeli. Si kurusha ndege, kurusha najua. Nimefeli somo la kufanya kazi pamoja. Usicheke.

Wanatuweka ndani ya kibanda cha chuma kinachotikisika kama ndege. Rubani mkuu anakaa kushoto, mimi msaidizi wake kulia, na madirishani kuna picha za mawingu na milima. Siku ile mkuu alishuka chini ya kimo tulichopewa. Niliona, kipimo kilikuwa mbele ya macho yangu. Nikasema, "Mawingu mazito leo, mzee." Akajibu, "Kweli, mazito." Tukagonga mlima.

Taa zikawashwa. Mwalimu akauliza, "Uliona?" Nikasema niliona. "Mbona hukusema?" Nikajibu, "Nilisema mawingu." Wenzangu waliangua kicheko. Kumbe mkuu aliambiwa akosee makusudi, ili nipimwe.

Mwalimu anasema abiria hawafi kwa ujinga wa rubani peke yake, hufa pia kwa adabu yake. Anataka nitaje kosa, niseme tufanye nini, na nisinyamaze mpaka nijibiwe. Mkuu akikaidi, nishike usukani mwenyewe. Bibi, mdomo nafungua, sauti haitoki. Mkuu ana sauti kama yako.

Narudia mtihani tarehe 5 Aprili. Nikifeli tena, narudishwa nyumbani.

Mjukuu wako


Tarehe 9 Machi

Mjukuu wangu,

Natumaini afya ni njema. Yangu ilikuwa njema mpaka barua yako ilipofika. Nimeisoma mara nne na zote nimekasirika. Sauti kama yangu! Sauti hiyo ndiyo iliyokuita ukala, ukaoga, ukaenda shule. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilikufunza, na sasa huo ulimwengu wako unaniambia nilikufunza vibaya? Mwambie mwalimu wako adabu haijawahi kuangusha hata baiskeli.

Basi feli, urudi. Nani amekufukuza huku? Nilipofika pale uliposema utarudishwa nyumbani, nilifurahi, sikufichi. Nilimwambia mshonaji, "Anakuja." Akauliza, "Lini?" Nikamwambia Aprili, kana kwamba umeshafeli.

Bibi yako


Tarehe 17 Machi

Mjukuu wangu,

Leo salamu zikae pembeni. Jana nilitandika kitanda chako, nikakaa juu yake, nikaona haya. Bibi gani anaomba mjukuu wake aanguke?

Sasa nisikilize. Unakumbuka babu yako alipolazwa? Ulikuwa na miaka tisa. Alikuwa anakohoa, nami nikammiminia dawa vijiko viwili, vile vikubwa vya kupakulia mchuzi. Ulikuwa umeshika chupa. Ukasema, "Bibi, hapa wameandika nusu kijiko." Nikakugeukia mbele ya wageni: "Unanifundisha mimi? Huyu nilimuuguza kabla hata mama yako hajazaliwa!" Ukasema tena, kwa sauti ndogo. Nikakufinya sikio mpaka ukalia.

Mchana huo babu yako hakuamshika. Tukamkimbiza hospitali, na daktari akaniuliza nimempa kiasi gani. Nikasema nusu kijiko. Nilisema hivyo wewe umenishika gauni. Uliniangalia tu. Alipozinduka siku ya tatu, watu niliwaambia ni samaki aliyeharibika. Akaishi miaka minne zaidi, Mungu akanisitiri.

Ukweli ni kwamba ile karatasi ya chupa iliandikwa kwa mwandiko wa daktari, nami kwa darasa langu la pili sikuweza kuisoma. Ningekuomba, ungenisomea. Lakini mimi, nimuombe mtoto!

Tangu siku ile hukunikosoa hata kwa chumvi. Nikatembea kifua mbele: mjukuu wangu ana heshima. Haikuwa heshima. Nilikuziba mdomo. Ulikuwa na haki, na mimi nilikosa. Neno hili sijawahi kumwambia mtu, hata babu yako, na sasa hayupo wa kuambiwa.

Huyo mkuu akikosea, mwambie. Akifoka, mwambie tena. Akizidi kufoka, jua hajui kusoma.

Usirudi kwa kufeli. Nakukataza.

Bibi yako


Tarehe 11 Aprili

Shikamoo Bibi,

Sijambo. Barua yako ilinifikia siku mbili kabla ya mtihani. Nilikuwa nakumbuka yote, hata rangi ya ile chupa. Nilidhani wewe ndiye uliyesahau.

Safari hii mkuu alikwenda kutua magurudumu hayajashuka. Nikasema, "Kapteni, magurudumu hayajashuka. Tupande tena." Akafoka, "Najua ninachofanya!" Halafu nikawaza, masikini, hajui kusoma, kidogo nicheke. Nikasema tena. Akaendelea kushuka. Nikashika usukani, nikamwambia, "Naendesha mimi." Tukapanda.

Nimefaulu, Bibi. Nimepangiwa njia za mbali, na likizo ni mpaka mwakani. Wenzangu walishangilia, mimi nikaenda chooni kulia. Nimefaulu kukaa mbali na wewe.

Sasa na wewe nikukosoe, maana umeniruhusu. Barua zako zote ninazo. Umeandika goti, vumbi, mshonaji, "andika", "feli", "usirudi". Lako mwenyewe hujaliandika. Bibi, unataka nini? Sema.

Mjukuu wako


Tarehe 30 Aprili

Rubani wangu,

Hongera. Nimemwambia mshonaji, na mshonaji amewaambia wote, kwa hiyo kazi hiyo imekwisha.

Lakini una kiburi! Kunikosoa, tena kwa wino! Barua niliitupa mezani. Imekaa pale siku tatu, nami naizunguka kama paka.

Haya. Nina hamu na wewe. Nikipakua natoa sahani mbili, halafu moja nairudisha kabatini haraka, utadhani kuna anayeniona. Ndege ikipita juu natoka nje nikichechemea, nami najua fika kwamba si wewe. Wakati mwingine naliita kwa kufoka lile jina nililokuwa nikikuitia ukiwa mdogo, ili tu nisikie nyumba inavyolipokea. Hailipokei.

Nataka uje. Si kwa kufeli, si kwa kunihurumia goti. Watu wa watu usiwaache angani kwa ajili yangu. Ikiwa ni mwakani, mwakani. Ila uje, ugonge mlango, nikufokee kwa kuchelewa, na wewe unijibu.

Bibi yako anayekutaka