PHP Yako Wanayoicheka

Butihinda

Mjukuu wangu Diella,

Huku hatujambo, maharage yametoa maua na mbuzi amezaa mapacha. Unaniuliza kama uache PHP, ile lugha yako ya kuandikia tovuti, kwa sababu wenzako hapo Gitega wanasema tovuti za siku hizi huandikwa kwa JavaScript, na PHP ni lugha ya wazee.

Nilipokuwa kijana katika kambi ya wakimbizi Tanzania, Kirundi nacho tulikiita cha wazee. Siku ya kumposa bibi yako nikakariri Kifaransa, nikamwamkia baba yake kwa sentensi ndefu. Mzee akanishika paji la uso.

"Huyu kijana ana homa," akamwambia mkewe. "Mletee maji."

Bibi yako akaninong'oneza, "Sema 'amahoro' tu, kama watu wengine."

Nikasema amahoro, salamu ile ile ya Kirundi cha wazee. Nikapewa kiti, na baadaye mke.

JavaScript nayo jifunze. Lakini tovuti uliyouandikia ushirika wetu wa unga kwa PHP inafunguka hata kwenye simu yangu iliyopasuka. Bibi yako ameiona. Hakuuliza umeiandika kwa lugha gani. Aliuliza kwa nini katika picha yake humo umemkata kichwa. Rekebisha upesi, maana lawama zote zinaniangukia mimi.

Babu yako,
Melkiadi